Gitaa la jazi ngazi ya juu: unajifunzaje kwa magwiji wenyewe?

UziWaSita

Wakuu, habari za humu.

Naomba mwongozo kwa waliotangulia kwenye gitaa la jazi. Skeli ya meja na maina melodia ninazo shingo nzima, arpejio (noti za kodi zikipigwa moja moja) za kodi za saba nazipata bila kutafuta, na nyimbo kama thelathini nazijua melodi na kodi zake kwa kichwa. Shida ni kwamba nikipewa nafasi ya solo inatoka skeli. Noti hazina kosa, ila hazisemi kitu. Halafu namsikiliza Grant Green anazungusha noti tano tu kwa vipimo vinne (kipimo ni kundi la mapigo, kwa kawaida manne), na kichwa chenyewe kinaanza kutikisika.

Nimeamua kuachana na video za "skeli za lazima" nijifunze kwa magwiji moja kwa moja. Maswali yangu ni haya.

Kwanza, kunakili solo kutoka kwenye rekodi. Nikifika kipimo cha nane nimeshachoka, na hata hizo noti nilizozipata, nikizipiga hazifanani na rekodi. Mnafanyaje hasa, hatua kwa hatua?

Pili, nianze na nani? Wes Montgomery, Joe Pass, Jim Hall, Pat Martino, kila mtu ananivuta kwake.

Tatu, nimepata saa moja ya somo na mpiga gitaa mkubwa, kwa video. Saa moja basi. Niende na nini?

---

FundiKodi

Mkuu, kosa liko kwenye sentensi yako yenyewe: unanakili noti. Noti ndiyo sehemu nyepesi ya solo. Kinachofanya solo ifanane na rekodi ni noti imeanza lini, imekatwa lini, ipi imepigwa kwa nguvu na ipi imemezwa. Ukikosea noti moja lakini muda ukawa sawa, msikilizaji atamtambua mwenye solo. Ukipata noti zote na muda ukawa wako, hatamtambua mtu.

Chukua vipimo viwili. Usijaribu mzunguko mzima wa wimbo. Siku ya kwanza gitaa libaki kwenye begi. Zungusha hivyo vipimo viwili hata mara ishirini, kisha imba pamoja na rekodi mpaka sauti yako ipotelee ndani yake. Halafu zima rekodi, gonga mguu, imba peke yako. Ukikwama kwenye noti ya tano, ujue hiyo noti hukuisikia, uliikisia. Mpiga piano Lennie Tristano aliwadai wanafunzi wake waimbe solo za mpiga saksafoni Lester Young kabla ya kugusa ala, na mantiki ni hiyohiyo: vidole vina mazoea yao, sauti haina pa kujificha.

Sasa gitaa. Jambo la kwanza ni kulityuni kufuata rekodi. Rekodi nyingi za zamani haziko sawasawa kwenye A ya 440 (noti ya kutyunia, mitetemo 440 kwa sekunde). Nyingine zimepanda au kushuka karibu robo toni kwa sababu ya kasi ya mashine. Usipofanya hivyo utahangaika nusu saa ukidhani noti ni Bb, mara B, kumbe iko katikati.

Programu za kupunguza kasi bila kushusha sauti zinasaidia, ila kuwa na kiasi. Tumia asilimia 70 hadi 75. Ukishuka chini ya 50 sauti inakuwa uji, na swingi (ule mdundo wa noti ndefu na fupi) inakudanganya: mgao wa noti mbili ndani ya pigo unaonekana mpana kuliko ulivyo, ukirudi kwenye kasi halisi unachechemea. Kasi ndogo ni ya kutafuta noti ngumu. Muda ujifunze kwenye kasi kamili.

Ujanja mwingine: rekodi nyingi za stereo za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliweka ala upande mmoja kabisa. Jaribu kusikiliza spika ya kushoto pekee, kisha ya kulia. Mara nyingi piano inabaki upande wa pili na gitaa linabaki jeupe mbele yako.

Usitafute noti kwa mfuatano. Pata ya kwanza, pata ya mwisho, pata ya juu kuliko zote. Ukishakuwa na nguzo hizo tatu, za katikati zinajijaza.

Halafu tafuta ilipigwa wapi shingoni. Watu wengi huruka hapa. E ya uzi wa 1 ulio wazi ni ileile ya uzi wa 2 freti ya 5, uzi wa 3 freti ya 9, na uzi wa 4 freti ya 14. Ni noti moja kwa jina, lakini zina rangi nne tofauti. Uzi mnene juu ya shingo unatoa sauti ya mviringo, uzi mwembamba karibu na kichwa unatoa sauti kali. Noti ikitelezeshwa kwenda nyingine, zote mbili ziko kwenye uzi mmoja. Hicho ni kidokezo cha uhakika. Ukiweka kifungu mahali pasipo pake, utapata kazi kubwa ya vidole ambayo mwenyewe hakuwa nayo.

Na mwisho, fungua kifungu uone kimejengwaje. Huu hapa mfano wa kutengenezwa tu, mbili-tano-moja ya C (kodi ya pili, ya tano na ya kwanza za ufunguo huo), noti nane za nusu pigo kila kipimo:

Dm7: F A C E D C# C A
G7: B D F Ab G F D D#
Cmaj7: E

Tazama noti zinazoangukia pigo lenyewe, yaani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba katika kila kipimo. Kwenye Dm7 ni F, C, D, C. Zote za ndani ya kodi. Kwenye G7 ni B, F, G, D. Zote za ndani ya kodi. C#, Ab na D#, zile za "nje", zimewekwa katikati ya mapigo, hazikai. Na angalia mwisho: F, kisha D na D#, ndipo E. Noti lengwa imekaribiwa kutoka juu na kutoka chini kabla ya kuguswa. Skeli zako ukizipanda na kuzishuka bila kujali nini kinaangukia pigo, nusu ya muda Dm7 yako haisikiki kama Dm7. Ndiyo maana hazisemi kitu.

Vipimo vinne hadi nane kwa wiki vinatosha. Dakika arobaini na tano kwa siku, si saa nne za Jumamosi.

---

GumbaBilaPiki

FundiKodi kamaliza la kwanza, mimi nijibu la pili.

Anza na Charlie Christian. Najua atasikika wa zamani, aliingia kwenye bendi ya Benny Goodman 1939 na akafariki 1942, lakini sababu ni za kiutendaji. Anacheza karibu na maumbo ya kodi ambayo tayari unayajua, vifungu vyake vina mwanzo na mwisho unaosikika, na muda wake hauyumbi. Wes mwenyewe alianza kwa kukariri solo zake kutoka kwenye sahani, kwa sikio, bila kusoma noti. Ukianzia hapo utamwelewa Wes kutokea ndani.

Baada yake Grant Green. Kwenye solo anatumia noti moja moja karibu muda wote, kodi ni chache sana, kwa hiyo hutahangaika kutofautisha sauti tatu kwa wakati mmoja. Anarudia kifungu kimoja mara nne, tano, mpaka bendi nzima inasogea. Msikilize kwenye Idle Moments ya 1963: kasi ni ndogo mno kiasi kwamba ukiwahi pigo hata kidogo unajisikia.

Ndipo Wes, na hapo utakutana na oktavu (noti moja ya chini na ya juu kwa pamoja). Wengi wanaziharibu kwa njia moja, kwa hiyo nielekeze taratibu.

Oktavu ya kuanzia uzi wa 6 iko kwenye uzi wa 4, freti mbili mbele. Uzi wa 5 kwenda wa 3, freti mbili pia. Hapo tumia kidole cha kwanza na cha tatu. Ukianzia uzi wa 4 kwenda wa 2, au wa 3 kwenda wa 1, umbali unakuwa freti tatu kwa sababu ya mtyuno wa uzi wa 2. Tumia kidole cha kwanza na cha nne. Kwa hiyo melodi inayovuka kutoka uzi wa 5 kwenda wa 4 inakudai ubadili umbo la mkono katikati ya mwendo. Fanyia mazoezi mavuko hayo peke yake kabla ya melodi yoyote.

Uzi wa katikati lazima unyamaze. Unanyamazishwa na kidole cha kwanza: ncha inabonyeza noti ya chini, na nyama ya upande wa ndani inalala juu ya uzi unaofuata bila kuubonyeza. Ukisimamisha kidole wima kama wa piano, uzi wa katikati utalia. Ncha hiyohiyo iguse kidogo uzi wa juu yake, ule mnene zaidi. Ukishafunga hivyo, gumba linaweza kupita nyuzi zote kwa raha na zitasikika mbili tu.

Gumba lipige kwa nyama, si kwa ukucha, na liende chini. Tegemeza vidole vingine kwenye mwili wa gitaa. Tatizo la kawaida ni kupiga kutoka kwenye kifundo cha gumba pekee. Linachoka ndani ya dakika mbili. Uzito utoke kwenye kiganja. Na kwa kuwa gumba linaelekea chini zaidi, noti nyingi za katikati ya mapigo huwa za kutelezesha au kuvutwa na mkono wa kushoto. Ukijaribu vifungu vya Wes kwa piki (kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi) ya kupanda-kushuka utapata noti zake zote, lakini ule ulaini hautaupata.

Joe Pass na ile Virtuoso ya 1973 iache kwanza. Ni gitaa peke yake bila bendi, besi na kodi na melodi kwa pamoja. Ni nzuri mno, ila haitakutibu ugonjwa ulioutaja.

Pat Martino ana kitu kimoja unachoweza kubeba mapema: kugeuza kila kodi kuwa maina. Kwenye G7 unafikiria Dm. Kwenye Bm7b5 unafikiria Dm pia. Kwenye Cmaj7 unafikiria Am. G7 iliyopotoshwa (noti zake za tano na za tisa zimepandishwa au kushushwa), fikiria Ab maina melodia. Unabaki na lugha moja ya maina na unaihamisha. Hatari yake ni kwamba mtu asiyejua noti za kodi anaigeuza kuwa njia ya mkato, na solo inaelea.

---

UziWaSita

Asanteni sana. Hii ya kuimba nimeijaribu jana na leo kwa vipimo viwili vya Charlie Christian, na kweli noti mbili nilizokuwa nimeandika zilikuwa za kubuni.

Sasa swali. Kila mahali naambiwa kifungu ukipeleke kwenye funguo zote 12. Kwenye gitaa si nahamisha umbo tu, freti moja moja? Nimefanya na sioni faida. Na metronomu kwenye pigo la 2 na la 4, nikifika kipimo cha tatu nasikia imehamia 1 na 3.

---

KipimoChaTano

Huoni faida kwa sababu umeshaiona hila: kwenye gitaa kuhamisha umbo si kubadili ufunguo, ni kubadili mahali pa kusimama. Mpiga saksafoni hana starehe hiyo. Kwa hiyo jiwekee ukuta: mkono ubaki kati ya freti ya 5 na ya 9, na kifungu kipite funguo zote humo humo, kwa mzunguko wa nne: C, F, Bb, Eb, na kuendelea. Kila ufunguo utakulazimisha vidole vingine na nyuzi nyingine. Hapo ndipo utajua kama unakijua kifungu au unajua picha yake.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema zote 12 kwa kila kifungu. Nyingi ya nyimbo utakazocheza ziko F, Bb, Eb, C, G, na Ab. Fanya hizo sita vizuri, kisha tumia muda uliobaki kukivunja kifungu. Anza nacho pigo moja baadaye. Kikate nusu, umalizie mwenyewe. Chukua mdundo wake uleule, weka noti zako. Chukua noti zake zilezile, weka mdundo mwingine. Kifungu kisichovunjwa kitatoka kwenye solo kama nukuu, kila mara kizimakizima, na wasikilizaji wataona mshono.

Metronomu: wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, iweke 60. Kabla ya kugusa gitaa, metronomu ikilia sema "mbili", endelea "tatu", ikilia tena sema "nne", endelea "moja", kisha rudi kwenye "mbili". Hesabu kwa mdomo vipimo vinane. Kisha imba melodi ya wimbo unaoujua juu yake. Gitaa liwe la tatu. Unapotelea 1 na 3 kwa sababu sikio limezoea kuweka mlio wa kwanza linaousikia kuwa "moja". Dawa ni mdomo kuwahi.

Ukishatulia, ipunguze ilie mara moja tu kwa kipimo, kwenye pigo la 4. Metronomu nyingi za kawaida haziendi chini ya 40, kwa hiyo chagua wimbo wa 160. Hapo ndipo utagundua kuwa unawahi, hasa mwisho wa kifungu kirefu ambapo vidole vimechangamka. Karibu kila mpiga gitaa huwahi, mlegevu ni nadra.

Na swingi usiichukulie kama fomula moja. Kwenye kasi ndogo noti ya kwanza ya pigo ni ndefu karibu mara mbili ya ya pili. Kadiri kasi inavyopanda zinakaribiana, na juu ya 240 hivi ziko karibu sawa. Kinachobaki ni mkazo kwenye noti ya katikati ya mapigo. Ukishikilia mgao wa mbili kwa moja kwenye kasi kubwa unasikika kama farasi.

---

DadaRidhimu

Samahani, mbona wote mnazungumzia solo? Mpiga gitaa kwenye bendi ya jazi anasindikiza sehemu kubwa ya usiku. Na hapa magwiji wanafundisha mengi kuliko kwenye solo, sema watu hawanakili kusindikiza.

UziWaSita, fanya hivi. Mbili-tano-moja ya C kwa noti mbili tu, uzi wa 4 na wa 3. Dm7: freti ya 3 na ya 5, yaani F na C. G7: freti ya 3 na ya 4, F na B. Cmaj7: freti ya 2 na ya 4, E na B. Umeona kinachotokea? Kila kodi ikibadilika, noti moja inabaki na nyingine inashuka nusu toni. Noti mbili zimebeba wimbo wote, na besi ndiye anayetaja jina la kodi. Wimbo wowote kati ya hiyo thelathini ukiweza kuupiga hivyo bila kuruka, hata solo yako itabadilika, maana hizo ndizo noti ambazo FundiKodi anazitaka ziangukie pigo.

Ukitaka sauti nne, chukua umbo la kushusha sauti ya pili. Cmaj7 iliyobanana ni C E G B. Sauti ya pili kutoka juu ni G, ishushe oktavu, unapata G C E B. Nyuzi za 4, 3, 2, 1: freti 5, 5, 5, 7. Ipindue mara tatu kwenye nyuzi hizohizo uwe na maumbo manne ya kodi moja, kisha melodi iwe juu.

Kunakili kusindikiza kunaanza na mdundo pekee. Sikiliza Jim Hall na mpiga piano Bill Evans kwenye Undercurrent ya 1962. Bila besi wala dramu. Andika tu wapi Hall amepiga na wapi amenyamaza, vipimo kumi na sita. Utashangaa ukimya ulivyo mwingi.

Kwa bendi kubwa, Freddie Green, aliyeingia kwa Count Basie 1937: mapigo manne kwa kipimo, na mara nyingi unachosikia ni noti moja au mbili za nyuzi za katikati, si kodi nzima ya nyuzi sita. Mkono wa kushoto unalegezwa mara tu baada ya kila pigo ili sauti isitambae. Wanaopiga kodi nzito za nyuzi sita kwa mtindo huo wanamfunika besi, halafu wanashangaa bendi imekuwa nzito.

Na kukiwa na piano, punguza. Noti mbili, au nyamaza mzunguko mzima. Mkipiga wote wawili noti za juu za kodi, yeye akipandisha noti ya tisa ya kodi na wewe ukiishusha, mwenye solo hana pa kukanyaga.

---

FundiKodi

DadaRidhimu yuko sahihi, na hilo linanipeleka kwenye swali la tatu, la saa moja na gwiji.

Usiende na "nataka kuboresha solo zangu". Kwa swali hilo utapata hotuba nzuri na utarudi na mkono mtupu. Nenda na wimbo mmoja, rekodi ya dakika tatu ya wewe ukicheza wimbo huo, na swali moja lililoandikwa. Mfano: "Kipimo cha 9 hadi cha 12 solo yangu inapoteza muda. Ni muda wenyewe au ni noti ninazolenga?" Rekodi mtumie siku mbili kabla, ili dakika kumi za mwanzo zisiishe kwa wewe kujipasha moto na kuomba radhi.

Wimbo uwe ule unaoujua kuliko wote. Bluzi ya F au Bb inatosha kabisa. Wanafunzi huleta wimbo mgumu ili waonekane, na somo linaishia kwenye kutafuta kodi.

Omba ruhusa ya kurekodi somo. Kisha omba kitu ambacho wengi wanaona aibu kukiomba: acheze yeye mizunguko miwili kwenye wimbo wako, kwa kasi yako, bila maelezo. Hiyo ni solo ya gwiji kwenye wimbo unaoujua, hakuna rekodi yoyote sokoni itakayokupa hilo. Jioni ileile uanze kuinakili. Maelezo yake yanaweza kuwa ya kawaida tu. Wako wapigaji wakubwa wasioweza kueleza wanachofanya, lakini mikono yao inaeleza.

Akikurekebisha, usijitetee wala usieleze ulikuwa umekusudia nini. Piga tena hapohapo, polepole, mpaka aseme ndiyo. Dakika kumi za mwisho mwambie akupe kazi moja ya wiki nne. Moja.

---

MlioSafi

Niongeze upande wa mitambo, maana masomo mengi ya video yanafia hapo.

Hamwezi kucheza pamoja. Sauti inachelewa njiani, na ikishavuka takriban milisekunde 30 (sekunde moja ina milisekunde elfu moja) kila mmoja anamsubiri mwenzake na kasi inaporomoka. Kwa hiyo muziki wa kusindikiza uchezwe upande wako, wewe upige juu yake, yeye asikilize mchanganyiko. Halafu zamu yake vivyo hivyo.

Zima kichujio cha kelele kwenye programu ya simu za video. Vichujio hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Noti ya gitaa inayodumu wanaiona kama kelele ya feni na kuifuta. Utapiga kodi ndefu, yeye atasikia mwanzo wake tu, kisha akuambie unakata noti mapema. Programu nyingi zina mpangilio wa sauti asilia. Iwashe, na ujaribu na rafiki siku moja kabla.

Vaa spika za masikioni ili sauti yake isirudi kwenye maikrofoni yako. Tumia intaneti ya kebo kama ipo. Kamera ya kwako ielekee mkono wa kulia na sehemu ya shingo kwa pamoja, si uso. Gwiji anahitaji kuona pembe ya piki.

---

UziWaSita

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali dogo la mwisho, kwa kuwa MlioSafi kagusia piki. Natumia nyembamba, ya milimita 0.7. Hiyo nayo ni tatizo, au natafuta kisingizio?

---

KipimoChaTano

Ni tatizo, ingawa si kubwa. Piki nyembamba inajikunja kabla ya kuachia uzi, kwa hiyo noti inatoka ikiwa imechelewa kidogo na ina mkwaruzo wa plastiki mwanzoni. Ujaribu kati ya 1.2 na 2, ishike ncha itokeze milimita tatu au nne tu, na uilaze kidogo ili ikate uzi kwa ukingo. Nyuzi za bapa (zilizozungushiwa waya bapa) za unene wa 12 au 13 zinasaidia pia, na kitufe cha toni kipunguze kiasi, usikifunge kabisa. Watu wanakifunga wakidhani ndiyo sauti ya jazi. Wakiingia na bendi, besi na dramu zinawameza, wanapandisha ampu, na wanaanza kupiga kwa nguvu. Muda nao unakwenda.

---

GumbaBilaPiki

Au itupe piki. Natania. Nusu natania.